Kunyamaza, Kunena na Kufundisha

Katika sura ya 14 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho limo neno moja ambalo limewapa Wakristo kazi kubwa ya kubishana. Neno hilo ni kunyamaza. Waraka unalielekeza kwa wanawake kanisani, na wasomaji wake, tangu zamani hadi leo, hawajapatana juu ya mpaka wake. Wengine husema kwamba agizo hilo ni la milele, nalo linamfunga kila mwanamke. Wengine husema lilikuwa dawa ya ugonjwa wa mji mmoja wa Kiyunani, na ugonjwa ulipokwisha dawa nayo ilikwisha kazi. Pande zote mbili humheshimu mtume mmoja na kukishika kitabu kimoja. Basi ugomvi wao si wa imani peke yake. Ni ugomvi wa usomaji pia, na kwa sababu hiyo ni halali kwa mhakiki kuupima kama apimavyo usomaji wa maandishi mengine yoyote.

Jambo hili si la wanazuoni tu. Kimuli ni kata ya wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera. Wilaya hiyo ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, lakini watu wake ni wa Karagwe ile ile ya zamani: husema Kinyambo na Kiswahili, hulima migomba na kahawa, na msiba ukitokea huzikana bila ya kuulizana dhehebu. Siku ya Jumapili njia zao huachana. Mkatoliki wa huko yumo katika Jimbo la Kayanga, lililoundwa mwaka 2008. Mlutheri yumo katika Dayosisi ya Karagwe, iliyoanzishwa mwaka 1979. Na katika nchi hiyo wako pia Waanglikana na Wapentekoste. Mwanamke akiolewa kutoka kanisa moja kwenda jingine aweza kukuta kwamba jambo lililokuwa wito wake jana leo ni mwiko kwake, ilhali Waraka usomwao ni ule ule. Mtu huyo ana haki ya kuuliza ni Waraka uliobadilika au ni msomaji.

Tuanze na Waraka wenyewe. Neno kunyamaza halikutumika mara moja katika sura ile. Limetumika mara tatu, na Biblia ya Kiswahili ya Tafsiri ya Umoja, iliyotolewa kamili mwaka 1952, imeushika uaminifu wa Kiyunani kwa kuliweka kitenzi hicho hicho mahali pote patatu. Mara ya kwanza, katika mstari wa 28, anayeamriwa kunyamaza ni mwenye kunena kwa lugha pasipo mfasiri. Mara ya pili, katika mstari wa 30, ni nabii ambaye mwenzake amefunuliwa neno. Mara ya tatu, katika mstari wa 34, ni wanawake. Hapana msomaji afikiriye kwamba yule wa kwanza amekatazwa kusema maisha yake yote, wala kwamba yule wa pili amevuliwa unabii. Kimya chao kina sababu na kina muda: sababu ni utaratibu wa mkutano, na muda ni ule wa mwingine kusema. Amtakaye mwanamke anyamaze daima amelipa neno moja maana mbili ndani ya ukurasa mmoja, na ni juu yake kutoa hoja ya kufanya hivyo.

Zaidi ya hayo, sura tatu nyuma, katika mstari wa 5 wa sura ya 11, Waraka huo huo unasema habari za mwanamke asaliye na ahutubuye, na unachomwagiza ni namna ya kukistahi kichwa chake. Mtu hamwagizi bubu namna ya kuvaa wakati wa kuhutubu. Msomaji yeyote wa sura ya 14 ambaye usomaji wake unaifanya sura ya 11 kuwa upuuzi hajausoma Waraka. Amesoma mistari miwili.

Hata hivyo uhakiki wa haki hauna budi kuupima upande wa pili kwa mizani ile ile. Wako waitatuao shida hii kwa kusema kwamba mistari ya 34 na 35 si ya Paulo, ila iliongezwa na mkono mwingine. Hoja yao ina msingi, kwa maana katika baadhi ya nakala za kale za Magharibi mistari hiyo imewekwa mwisho wa sura, baada ya mstari wa 40. Lakini hakuna nakala ijulikanayo inayoikosa kabisa. Kukata maneno yanayotuchoma kwa ushahidi wa namna hiyo ni kazi ya hatari, kwa kuwa kisu kikizoea kukata hakijui mahali pa kukoma. Wako pia wasemao kwamba yote yalikuwa mila ya Wayunani, basi yamepita. Hao huukuta mwamba katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 2, kwa sababu hapo mwanamke anapokatazwa kufundisha, sababu itolewayo si desturi za mji. Ni habari za Adamu na Hawa. Asemaye kwamba agizo hilo limepita sharti aeleze kwa nini mwandishi alilifunga na mwanzo wa ulimwengu.

Na hapo pia maneno yana mengi ya kutuonya. Neno lililofasiriwa utulivu katika sura hiyo silo lile la kunyamaza la Wakorintho. Jamaa yake limetumika mistari michache kabla kwa maisha wanayoombewa waumini wote, waume kwa wake. Na kitenzi cha Kiyunani kilichofasiriwa kumtawala mwanamume hakionekani mahali pengine popote katika Agano Jipya, hata wataalamu wakaachana juu ya maana yake: ni kuwa na mamlaka, au ni kuyanyakua? Katazo kubwa limetundikwa juu ya msumari mmoja, na msumari wenyewe haujulikani umepigiliwa kwa kina gani.

Kiswahili nacho kimeingia katika shauri hili bila ya kualikwa. Lugha hii haina kiwakilishi cha mume na cha mke. Yeye ni yeye. Katika Waraka kwa Warumi, sura ya 16, anasalimiwa Yunia pamoja na Androniko, na wote wawili wanatajwa pamoja na mitume. Katika nchi nyingine watu wameandika vitabu kubishana kama Yunia alikuwa mwanamke, ijapokuwa Yohane Krisostomo, aliyekuwa msemaji wa Kiyunani, alimsifu kama mwanamke tangu zama za kale. Msomaji wa Kiswahili hupita juu ya jina hilo pasipo kujikwaa, kwa kuwa hana la kumwonyesha kwamba hapo pana vita. Kwa upande mwingine, katika sura hiyo hiyo Fibi anaitwa mhudumu, ilhali neno lile lile la Kiyunani katika Waraka kwa Timotheo limefasiriwa shemasi. Wafasiri wanaweza kujitetea kwamba Paulo na Apolo nao wameitwa wahudumu, nao si watu wadogo. Lakini masikioni mwa wasikilizaji shemasi ni cheo na mhudumu ni kazi, na mwanamke amepewa kazi.

Matumizi ya kila siku yamefanya vivyo hivyo. Mama mchungaji, katika makanisa ya Tanzania, ni mke wa mchungaji. Mwanamke alipobarikiwa kuwa mchungaji mwenyewe, jina lilikuwa limekwisha kukaliwa, na mumewe hakupata jina lolote, kwa kuwa baba mchungaji ni heshima ya mchungaji mwanamume.

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilikubali kuwabariki wanawake kuwa wachungaji katika mkutano wake mkuu wa mwaka 1990, na wa kwanza wakabarikiwa mwaka 1991. Lakini katika nchi ya Kagera sauti ya mwanamke haikungoja mkutano huo. Uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, ng'ambo ya mto Kagera, katika miaka ya 1930, ulileta desturi ya ushuhuda: aliyeokoka husimama mbele ya ndugu akaungama na kuyasimulia aliyotendewa, awe mume au mke. Wakati huo hapakuwa na azimio lolote juu ya wanawake. Palikuwa na watu waliosikia na wasioweza kukana walichokisikia. Huko Kigezi, Uganda, ambako uamsho huo ulikuwa na mizizi mirefu, Askofu Festo Kivengere, aliyekuwa mtoto wake, aliwapa wanawake upadre wa Kianglikana mwaka 1983. Usomaji mpya wa Waraka ulizaliwa katika masikio kabla ya kufika mezani kwa wanazuoni.

Kanisa Katoliki limeshika njia nyingine, nalo aghalabu husemwa vibaya kwa kutosikilizwa. Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili alitamka kwamba Kanisa halina mamlaka ya kuwapa wanawake upadre. Hoja yake haikuwa kimya cha Wakorintho. Ilikuwa mfano wa Kristo aliyechagua mitume wanaume. Na Kanisa hilo hilo, mwaka 1970, liliwapa Teresa wa Avila na Katarina wa Siena jina la Mwalimu wa Kanisa. Na mwaka 2021 Papa Fransisko aliwafungulia wanawake rasmi huduma ya usomaji na ya altare, akaweka na huduma ya katekista kwa waume na wake. Mtu aweza kuikubali hoja ya altare au kuikataa, lakini hawezi kusema kwamba ni hoja ya kunyamaza.

Hapa ndipo kosa kubwa la mabishano haya linapoonekana. Watu huchanganya maswali matatu: mwanamke aweza kunena? Aweza kufundisha? Aweza kuongoza altare na kundi? Anayekataa la tatu huazima maneno makali ya la kwanza, na anayelitaka la tatu hudhani amelishinda akishinda la kwanza. Fasihi ya Kiswahili ingaliweza kuwaonya. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mwaka 1858 kumfundisha binti yake, na sehemu kubwa ya somo lake ni utii. Yeye alikuwa Mwislamu wa pwani, na dini yake si ile inayozungumzwa hapa. Lakini mfano wake ni bayana. Afundishaye utii anafundisha, na sauti yake imevuka ukuta wa nyumba ikafika kwa wanaume waliounakili na kuuhifadhi utendi huo. Jamii ile haikuuliza kama mwanamke aweza kufundisha. Iliuliza amfundishe nani na wapi.

Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Timotheo, ambaye kwa jina lake katazo la kufundisha limeandikwa, alifunzwa na wanawake: Waraka wa Pili kwake unaitaja imani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike kabla ya imani yake yeye. Msomaji wa Kimuli atakayeushika Waraka wa Kwanza kumnyamazisha mwanamke hana budi kwanza kuufunga Waraka wa Pili. Swali la altare litabaki, na makanisa yataendelea kuachana juu yake kwa hoja zenye uzito. Lakini swali la sauti limejibiwa ndani ya maandishi yenyewe, na watoto wa Kimuli wakaao mbele ya mwanamke siku ya Jumapili kujifunza neno la kwanza la imani yao wamekwisha kulisikia jibu.