Mahalia Jackson: Uzito wa Silabi Moja

Mahalia Jackson, mwimbaji wa nyimbo za Injili, alizaliwa New Orleans mwaka 1911, akahamia Chicago mwaka 1927. Bluzi alikataa kuiimba, ilhali utotoni alizisikiliza santuri za Bessie Smith. Baadhi ya wachungaji waliomlaumu kwa kuingiza mahadhi ya kidunia kanisani walisikia vyema, ila walihukumu vibaya: mahadhi hayo ndiyo yaliyoyatia maneno uhai. Katika nyimbo za taratibu aliivunja mizani kwa makusudi, akaivuta silabi moja hata ikabeba uzito wa ubeti mzima. Baada ya 1954, kampuni ya Columbia ilipomzungushia fidla na kwaya, sauti ilipambwa, makali yakapungua. Alifariki mwaka 1972. Atakaye kumjua na aanzie santuri za miaka ya 1940, ambamo ala zilimfuata, hazikumfunika.