Marumaru Inayopitisha Upepo

Wengi wanaoshuka melini katika kisiwa cha Tinos, Ugiriki, wana safari moja tu: kupanda hadi kanisa la Bikira Maria, iliko picha takatifu iliyofukuliwa mwaka 1823. Wapo wanaokwenda kwa magoti tangu bandarini, na zulia limetandikwa kando ya barabara kwa ajili yao. Ifikapo Agosti 15, kisiwa hufurika. Lakini aliye likizo, asiye na nadhiri ya kuitimiza, namshauri apande basi la Pyrgos, kijiji cha kaskazini-magharibi, akae huko kutwa.

Pyrgos hakuna cha kukimbilia. Kuna kiwanja kidogo chini ya mti wenye kivuli kikubwa, kuna kahawa, na kuna marumaru. Meza za mkahawani ni marumaru, chemchemi ya kijiji ni marumaru, hata kituo cha basi! Mgeni hudhani ni majivuno, mpaka atakapoinua macho na kutazama juu ya milango.

Juu ya mlango au dirisha la nyumba ya kawaida kabisa, ambayo huenda ndani yake mtu anakaanga samaki, pamepachikwa bamba la marumaru lililotobolewa kwa nakshi: merikebu yenye matanga, ndege wawili wanaotazamana, jua, maua ndani ya chungu. Wagiriki huliita yperthyro. Yale matundu hayakuwekwa kwa ajili ya urembo tu. Ndiyo yanayoingiza mwanga na hewa hata mlango ukiwa umefungwa, na kisiwani hapa, wakati wa kiangazi, upepo wa kaskazini uitwao meltemi hauna mzaha. Atokaye Lamu au Unguja, aliyekulia chini ya milango ya nakshi, ataielewa kazi hii bila kuelezwa. Tofauti ni kwamba fundi wa mbao akikosea ana njia ya kuziba. Mchonga marumaru, akishalitoboa bamba likabaki jembamba kati ya tundu na tundu, pigo moja la patasi lisilofuata mshipa wa jiwe humrudisha mwanzo. Ndiyo maana mwanagenzi hufundishwa kwanza kulisoma jiwe.

Kijiji hiki ndicho kilichomzaa Yannoulis Chalepas, mwaka 1851. Kazi yake mashuhuri ni msichana aliyelala, juu ya kaburi la Sofia Afentaki katika Makaburi ya Kwanza ya Athens. Baadaye aliugua akili, akakaa miaka mingi katika hospitali ya Corfu. Aliporudi nyumbani, mama yake, aliyeamini kwamba uchongaji ndio uliomtia ugonjwa, alikuwa akiziharibu kazi zake. Mama alifariki mwaka 1916. Mwanawe, akiwa mzee sasa, akaanza upya, na akaendelea kuchonga hadi karibu na kifo chake mwaka 1938. Nyumba yake ni jumba la makumbusho leo, na wageni hupanga foleni mlangoni.

Namheshimu Chalepas, lakini mimi huwapendelea wale wasio na jina, waliochonga merikebu juu ya dirisha la jirani yao kisha wakaenda kula. Sanamu ya makaburini hutembelewa. Bamba la juu ya mlango linaishi na watu. UNESCO ilipoitambua sanaa ya marumaru ya Tinos mwaka 2015, ilitambua ujuzi wenyewe, unaorithishwa karakanani kutoka kwa fundi hadi kwa mwanagenzi, wala si sanamu moja au mchongaji mmoja. Shule ya kijijini, iliyofunguliwa mwaka 1955, bado inafundisha, na siku hizi wasichana nao wanashika nyundo.

Basi ukipita Athens wakati wa kurudi, ukapanda Acropolis, usiishie kuhesabu nguzo. Watazame na wale walio juu ya majukwaa, wanaochonga vipande vipya vya kujazia vya kale: miongoni mwa mafundi wa ukarabati ule wamo waliofundishwa Pyrgos.