Mchungaji aliyesinzia: fundi wa Goa alivyozioanisha imani mbili katika pembe moja

Tura ndipo msafara ulipotua pumzi. Ukitoka Ugogo na kulivuka pori la Mgunda Mkali, hapa ndipo Unyamwezi ulipoanzia. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipita mwaka 1857 akielekea Kazeh, Tabora ya leo, akapishana na wapagazi waliobeba pembe za ndovu begani, ncha mbele, kengele ya ng'ombe ikining'inia nchani. Pembe hizo zilikwenda Unguja, na nyingi zikavuka hadi Bombay, zikakerezwa bangili za maharusi.

Njia hiyo ya bahari ni kongwe kuliko misafara yetu. Karne mbili kabla ya Burton, Wareno walioitawala Mombasa chini ya Goa, makao yao makuu India, walikuwa tayari wakipeleka India pembe za pwani ya Afrika, na mafundi wa Goa wakizichonga sanamu za ibada. Kazi yao iliyojulikana zaidi ni Mchungaji Mwema wa karne ya 17. Leo sanamu hizo zimo katika makumbusho mbalimbali, pamoja na ile ya Victoria and Albert, London.

Itazame mojawapo kwa karibu. Juu kabisa ameketi mtoto Yesu, amevaa ngozi ya kondoo, amepishanisha miguu. Kondoo mmoja yuko begani, mwingine mapajani. Shavu limeegemea kiganja, macho yamefumba. Chini yake mlima umepangwa ngazi kwa ngazi: chemchemi, kondoo wanaokunywa, na kwenye pango la chini Maria Magdalena amejilaza na kitabu chake.

Fundi alianza na malighafi aliyokuwa nayo. Pembe ya ndovu wa Afrika kwa kawaida ni kubwa kuliko ya ndovu wa India, na mafundi wa India waliipenda kwa ulaini wake chini ya patasi. Lakini ina umbo lake: nene upande mmoja, inakwenda ikichongoka. Msalaba unadai mikono iliyonyooka, kwa hiyo mikono ya Kristo msulubiwa ilibidi ichongwe kando na kuunganishwa. Mlima haudai hivyo. Ukiisimamisha pembe, mlima uko tayari. Na kwa Mhindi, mlima wenye ngazi ni picha ya zamani: ni Meru, makao ya miungu katikati ya ulimwengu, unaoonekana hata kwenye minara ya mahekalu.

Kisha mkao. Mchungaji wa Injili yuko macho, anatembea akimtafuta aliyepotea. Huyu amesinzia, na hapo ndipo ufundi wote ulipo. Mhindi aliona utulivu wa yogi au wa Buddha, kope zilizoshushwa katika tafakuri. Padri aliyesoma Wimbo Ulio Bora alikumbuka mpenzi aliyelala huku moyo ukikesha. Na ukichungulia, sanamu nyingi zimemketisha mtoto juu ya moyo. Kope mbili zikabeba maana mbili, na hakuna msomaji aliyelazimika kukiri kosa.

Mwisho ni uso wa kazi. Manyoya ya kondoo na vazi la mtoto yamechongwa kwa vijibonge vilevile, kiasi kwamba mchungaji na kundi wanaonekana wa ngozi moja. Mgongoni mara nyingi utakuta vitundu vitupu: hapo palichomekwa matawi ya mti, yaliyochongwa kando, na mengi yamepotea.

Mtaguso wa Goa wa mwaka 1567 ulikataza mafundi wasio Wakristo kupewa kazi za namna hii. Lakini mkono una kumbukumbu yake. Aliyebatizwa jana hakuusahau mlima aliofundishwa na baba yake.

Kipimo cha mchanganyiko ni kujaribu kuondoa kitu. Matawi yameng'oka, na sanamu imesimama. Mfumbue mtoto macho, au usawazishe mlima, hubaki na kitu. Yanayopachikwa huacha tundu; yaliyozaliwa na pembe hayana pa kung'okea.

Anayesimama leo kituo cha reli cha Tura hasikii kengele za nchani. Ila ajue kwamba fundi wa Goa, aliposhika pembe kama zile, nchani alimketisha mtoto aliyelala.