Anayelipiza kisasi naye hulipa, hata akilala usingizi

Miaka kadhaa iliyopita, nikifundisha hadithi fupi, mwanafunzi mmoja aliinua mkono akaniuliza kwa hamaki: "Prof, sasa huyu mama mbona haadhibiwi?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka, na swali lile hunirudia hadi leo.

Hadithi yenyewe ni "Une vendetta" ya Mfaransa Guy de Maupassant, iliyotoka mwaka 1883. Katika mji wa Bonifacio, kisiwani Corsica, kijana Antoine anauawa kwa kisu. Muuaji anavukia Sardinia usiku huohuo. Mamake kijana ni mjane mzee, hana wa kumtuma. Amebakiwa na mbwa jike ambaye marehemu alizoea kuwinda naye.

Anamfunga mbwa huyo mnyororo na kumnyima chakula. Kisha anaunda sanamu ya nyasi kavu, anaivisha nguo kuukuu za mumewe, na shingoni anaizungushia soseji ya damu, mithili ya mutura wetu. Kwa miezi mitatu mbwa anafunzwa kurarua koo. Jumapili moja mama anaungama, anapokea komunyo, halafu anavuka bahari na mbwa wake mwenye njaa. Muuaji anararuliwa. Usiku huo, tunaambiwa mwishoni, mama alilala vizuri.

Hapo ndipo mwanafunzi wangu alipokwama, na kosa ni letu walimu. Tumewazoesha kusaka "funzo" kwenye aya ya mwisho: mwovu kaadhibiwa, basi. Likikosekana, wanasema mwandishi anaunga mkono kisasi.

Kitenzi "lipiza" kimetokana na "lipa". Tunaposema kulipiza kisasi, humfikiria mdaiwa mmoja tu, yaani adui. Maupassant anamwonyesha mlipaji wa pili, ila bei hatutajii. Tuhesabu wenyewe. Mbwa yule alilia kando ya maiti ya Antoine, akaomboleza pamoja na mama. Huyo ndiye mama aliyemtesa kwa njaa hadi akawa silaha. Hata sala aliitumia kuomba msaada wa kuua. Uchungu wake nauelewa, lakini kila alichobakiza cha mwanawe alikitumia kwa ajili ya muuaji.

Na usingizi je? Mimi naona hiyo ndiyo gharama kubwa zaidi. Msimulizi wa "The Cask of Amontillado" ya Edgar Allan Poe (1846) anasimulia kisasi chake miaka 50 baadaye, tena kwa undani. Jambo lile halijamwachilia. Mjane wetu hasumbuliwi hata na hilo.

Leo ningemjibu yule mwanafunzi hivi: mama aliadhibiwa, ila mwenyewe hakujua. Nanyi walimu, mkifundisha maudhui ya kisasi, msiishie kuuliza kama mhusika alipatilizwa. Waulizeni wanafunzi alibaki na nini.