Kasi isiyofika kiooni: hesabu ya monita moja Mbamba Bay

Mpwa wangu ana duka la steshenari Mbamba Bay. Mchana anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti, anawajazia watu maombi ya Ajira Portal na kuwaangalizia matokeo ya NECTA. Jioni wateja wa karatasi wakipungua, anawasha PS4 na vijana wanalipia mechi. Kazi zote mbili alikuwa anazifanya kwenye televisheni moja ya inchi 32, akaona wakati wa kununua monita umefika. Aliyoitaka alikuwa keshaichagua: inchi 27, kioo kilichopinda, hezi 165. "Shikamoo mjomba. Niangalizie tu kama bei yake ni halali," aliniandikia.

Bei ilikuwa halali. Monita ndiyo haikuwa yake.

Boksi la monita hujisifu kwa kile ambacho kioo kinaweza kuonyesha. Halisemi kioo hicho kitaletewa nini. Kwa hiyo hesabu inaanzia kwenye mashine inayotuma picha. PS4 ikiunganishwa na kioo cha kawaida inatuma picha zisizozidi 60 kwa sekunde, yaani picha mpya kila milisekunde 16.7. Monita ya hezi 165 iko tayari kupokea picha mpya kila milisekunde 6, lakini ikiletewa 60 itaonyesha hizohizo 60. Kompyuta yake nayo ni OptiPlex iliyotoka kwenye ofisi za watu huko ng'ambo, ya kutegemea grafiksi zilizomo ndani ya prosesa ya Intel. Kwa Word na kivinjari haina tatizo. Kwa gemu jipya la mpira, hata hizo 60 ni za kutafuta kwa tochi. Ili hezi 165 zipate kazi ya kufanya, ingebidi anunue kadi ya grafiksi, pengine na pawasaplai ya kuibeba, na hapo bei ya monita ingegeuka kuwa sehemu ndogo ya gharama.

Sisemi kasi ni porojo. Mtu anayecheza Counter-Strike au Valorant kwenye kompyuta yenye kadi ya maana ataiona tofauti ya hezi 60 na 144 hata kabla ya kufungua gemu, kwa kusogeza kipanya tu. Ila tofauti hiyo haiongezeki kwa mwendo uleule. Kutoka 60 kwenda 144, kila picha inawahi kwa karibu milisekunde 10. Kutoka 144 kwenda 240, inawahi kwa chini ya 3. Na mchezaji wa mtandaoni aliye ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ambaye kila bonyezo lake linasafiri hadi seva iliyo nchi nyingine na kurudi, hapotezi mechi kwa sababu ya hizo 3. Akija kununua PS5 tutafungua mjadala upya: ile inatoa hezi 120 kwenye baadhi ya magemu, na tangu 2022 inakubali pikseli 2560 kwa 1440, kipimo kinachoifaa sana monita ya inchi 27. Kwa PS4, hapana.

Baada ya mashine nikaliuliza jengo. Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi, maana hakuna boksi linalojua Mbamba Bay ilivyokaa. Milima ya Umatengo iko nyuma, ziwa liko magharibi, na duka lenye mlango unaotazama maji linapigwa jua la moja kwa moja kuanzia kama saa kumi hadi linapozama upande wa Malawi. Ni saa zilezile ambazo vijana wa gemu wanaanza kuingia. Tena jua hilo linakuja mara mbili, mara moja kutoka angani na mara ya pili likiakisiwa na maji. Televisheni ya mpwa wangu ilikuwa ukuta wa nyuma, uso kwa uso na mlango. Wakati wa kona, golikipa alikuwa haonekani, kinaonekana kivuli cha pikipiki iliyoegeshwa nje.

Monita nyingi za bei ya kati hutoa mwangaza wa niti 250. Chumbani, mbali na dirisha, hizo zinatosha na kubaki. Wengi huzipunguza ili macho yasiume. Mbele ya mlango ulio wazi unaotazama ziwa, hazitoshi, na hata ukipanda hadi 350 bado unashindana na jua. Dawa yake haikuwa ya kununua. Meza ilihamishiwa ukuta wa pembeni, kioo kikakaa ubavu kwa mlango: mwanga haukipigi usoni, na wachezaji hawatazami nje. Baada ya hapo niti 250 zikawa mwangaza wa kutosha, mradi kioo kiwe cha uso mkavu usiong'aa. Hapo ndipo kioo kilichopinda kilipokosa hoja ya mwisho. Kimetengenezwa kwa ajili ya kichwa kimoja kilichokaa katikati, na pale dukani wawili wanacheza, watano wamesimama nyuma wakitoa maelekezo ambayo hayakuombwa.

Hao watano ndio walioamua aina ya paneli. TN, ambayo bado imo kwenye monita nyingi za zamani, inabadilika rangi ukiitazama kutoka juu au chini. Aliyekaa kwenye kigoda anaona nyasi nyeusi, aliyesimama anaona nyasi zilizopauka. VA ina weusi mzuri, kwa kawaida uwiano wa 3000 kwa 1 dhidi ya 1000 kwa 1 wa IPS. Lakini weusi huo unahitaji giza ili uonekane. Kwenye duka lililo wazi, kinachoamua weusi ni mwanga unaoangukia kioo kutoka nje, na faida ya VA inasubiri hadi usiku. IPS inatunza rangi hata ukiitazama kwa pembeni, jambo linalomsaidia pia mchana anaporekebisha ngozi ya mteja kwenye picha ya pasipoti. OLED tuliitaja tukaiacha: mbali na bei, ubao wa matokeo wa gemu la mpira unakaa kona ileile jioni nzima, na mwambaa wa Windows unakaa palepale mchana kutwa. Vitu vya namna hiyo ndivyo vinavyoacha alama ya kudumu kwenye OLED.

Ukubwa haukutuchelewesha. Pikseli 1920 kwa 1080 kwenye inchi 24 ni kama pikseli 92 kwa kila inchi. Zitandaze kwenye inchi 27 zinashuka hadi 82 hivi, na herufi za fomu zinaanza kuonyesha meno. Anayesoma namba za NIDA kutwa nzima anaihisi tofauti hiyo kabla ya saa tisa. Televisheni aliyokuwa akiitumia ilikuwa mbaya zaidi kwa kazi hii. Nyingi za inchi 32 za bei nafuu zina pikseli 1366 kwa 768, picha ya kompyuta inabanwa ili ienee, na nyingine hukata kingo hadi saa ya Windows inafichika. Nyingi pia huchakata picha kwanza kabla ya kuionyesha, ndiyo maana kijana anabonyeza shuti na mguu unachelewa. Ukiwasha hali ya gemu kwenye menyu, kama ipo, ucheleweshaji unapungua sana. Ningekuwa na banda la kuonyesha Ligi Kuu na gemu tu, bila karatasi, ningebaki na televisheni bila aibu.

Mtego uliokuwa unamngoja ulikuwa kwenye matundu. Ili kupunguza gharama alianza kutazama monita za ofisi zilizotumika, zile zinazouzwa Kariakoo na kupandishwa hadi Songea. Ni vioo vizuri, vingi ni IPS, na stendi zake zinapanda na kushuka, kitu ambacho monita mpya ya bei ya chini haina. Tatizo ni kwamba matoleo mengi ya miaka ya 2013 na 2014, Dell P2214H kwa mfano, yana VGA, DVI na DisplayPort, hayana HDMI. PS4 inatoa HDMI peke yake. Muuzaji akamwambia asihofu, kuna waya wenye HDMI upande mmoja na DisplayPort upande wa pili. Waya huo upo, na ni wa bei ndogo, lakini unakwenda upande mmoja tu: kutoka kompyuta yenye DisplayPort kwenda kioo chenye HDMI. Ukiugeuza, PS4 ikiwa ndiyo inayotuma, kioo kinabaki cheusi na utadhani kimekufa. Safari hiyo inataka adapta yenye chipu ndani, inayojitegemea kwa umeme, na bei yake inakula sehemu kubwa ya nafuu uliyoipata. HDMI kwenda DVI inakubali kwa waya wa kawaida, ila usitegemee sauti.

Kuhusu umeme, Mbamba Bay iko mwisho wa laini ndefu. Gridi ya taifa ilifika Songea mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Kutoka hapo umeme unapita Mbinga na kuteremka milima hadi ziwani. Umeme ukiwa mdogo monita haijali sana, kwa kuwa pawasaplai yake hupokea kuanzia volti 100 hadi 240. Kinachoua ni ule unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Kwa hiyo nilimshauri achague monita yenye adapta ya nje: ikipigwa, unatafuta adapta nyingine Mbinga na kazi inaendelea, wakati ile yenye pawasaplai ndani inahitaji fundi wa kuifungua. Fedha iliyookolewa kwenye hezi ilikwenda kwenye UPS ndogo, inayompa dakika kadhaa za kuhifadhi fomu ya mteja.

Kwenye LUKU faida ipo ingawa si ya kutajirisha. Monita ya inchi 24 inakula kama wati 20, televisheni ya inchi 32 kama wati 50. Kwa saa 12 kwa siku na bei ya T1 ya takriban shilingi 356 kwa yuniti, kodi na tozo zikiwemo, tofauti ni kama shilingi 3,850 kwa mwezi.

Aliyoichukua mwishowe ni ya inchi 24, IPS, hezi 75, HDMI mbili, adapta ya nje. Nilimsisitizia boksi lisimame wima safari nzima. Kilomita 66 za lami kutoka Mbinga ni kona za kuteremka, na kioo kilicholazwa chini ya mizigo kwenye buti la basi kinaweza kufika kikiwa na ufa ambao boksi halionyeshi. Kuna na wadudu wa ziwa, wale wanaonyanyuka majini kama moshi na kuifuata taa yoyote iwakayo usiku. Mmoja akipenya nyuma ya kioo, usimbonyeze kwa kidole. Akifia hapo atakuwa nukta nyeusi ya kudumu. Zima kioo, washa taa pembeni, mara nyingi atatoka mwenyewe.

Monita hiyo haina spika, na vijana hawachezi mechi bila kelele za uwanja. Ina tundu dogo la sauti nyuma, linalopokea sauti ya HDMI kutoka PS4. Sabufa ya mpwa wangu imechomekwa hapo, na majirani wameomba izimwe ifikapo saa nne usiku.