Njia ya Panya Haina Rekodi

Uamuzi ule ulikuwa mbaya, na ubaya wake ulikuwa wa kiufundi kabla haujawa wa kisheria. Tangu mwendesha baiskeli Mfaransa Sofiane Sehili aachiwe huru Oktoba 2025, gumzo lote limekuwa mahabusu ya Urusi, wanasheria na siasa za vita. Sawa, hayo yana watu wake. Sisi tulioifuata safari yake tangu Julai tunajua mambo yaliharibika wapi: kwenye msitu wa mpakani, pale mmoja wa waendesha baiskeli wazoefu kuliko wote wa zama hizi alipoamua kuvuka kwa njia ya panya.

Turudi pale pale. Aliondoka Ureno Julai 1 kuelekea Vladivostok, na saa aliyokuwa akishindana nayo ilikuwa ya Mjerumani Jonas Deichmann, mwenye rekodi ya kuvuka Ulaya na Asia kwa baiskeli: siku 64, saa 2 na dakika 26, kutoka Cabo da Roca hadi Vladivostok mwaka 2017. Hesabuni wenyewe. Siku 64 kutoka Julai 1 zinaangukia Septemba 3. Mwanzoni mwa Septemba Sehili yuko mpaka wa China na Urusi, ana viza ya kielektroniki, na mbele yake zimebaki kilomita kama 200. Kwa mtu aliyekuwa akimaliza zaidi ya 280 kwa siku, hiyo ni kazi ya kutwa moja na jioni anapumzika. Akakataliwa kuingia. Akakwama, huku saa inakimbia. Kisha akaiacha barabara, akapita msituni, akatokea upande wa Urusi na kujisalimisha kwa walinzi wa mpaka. Wakamweka ndani.

Nimeupindua uamuzi huu kila upande nikitafuta mahali ambapo ungeweza kulipa, na sijapaona. Tuseme mpango ulikuwa ni huo huo wa kujisalimisha, kwamba walinzi wangeona viza yake, wangemwelewa na kumruhusu aendelee. Mlinzi gani wa mpaka, wa nchi iliyo vitani, anamwachia mgeni aliyetoka porini bila muhuri aendelee na safari siku hiyo hiyo? Hata angekutana na afisa mwenye huruma kuliko wote, kuna mahojiano, kuna mkalimani wa kutafutwa, kuna simu kwa wakubwa. Siku imekwisha, na rekodi imekwenda nayo.

Tuseme basi alikuwa na njia ya kujificha na kusonga mbele. Kilomita 200 za barabara kuelekea mji wenye makao makuu ya kikosi cha wanamaji wa Urusi cha Pasifiki, juu ya baiskeli iliyosheheni mifuko, uso mgeni, pasi isiyo na alama ya kuingia. Anafika wapi?

Tuseme amefika. Anasimama Vladivostok saa imo ndani ya muda, halafu anaanza kukusanya ushahidi kama desturi ya rekodi inavyotaka. Pasi yake inasema bado yuko China. Kumbukumbu za GPS zinaonyesha mstari unaokatisha msitu mahali pasipo na kituo. Hakuna mkaguzi makini atakayeupitisha mstari huo. Na kutoka nchini humo bado angelazimika kumpa afisa pasi ile ile. Njia zote tatu zinaishia kwenye sifuri, na ndiyo maana nasema kosa ni la kiufundi. Kuna hatari mtu anajitosa kwa sababu upande wa pili kuna tuzo. Hapa hapakuwa na tuzo hata kama kila kitu kingemwendea vizuri.

Mbegu ya kosa lakini ilipandwa mapema, kwenye ramani. Njia ya Deichmann ilikuwa ya kilomita kama 14,300. Sehili alichagua ndefu zaidi, karibu 18,000, nchi 17, na lango gumu kuliko yote akaliacha mwisho kabisa, mahali ambapo kila saa ya kusubiri inakatwa kwenye rekodi na hakuna barabara ya kuifidia. Lango la namna hiyo linawekwa mwanzoni au katikati, ambapo ukipoteza siku mbili una wiki tatu za kuzirudisha.

Wala haikuwa siri. Wazoefu wa China wanaijua mipaka yake. Pale Khunjerab, kati ya Pakistan na China, mwendesha baiskeli hupakizwa kwenye basi pamoja na baiskeli yake. Pale Erenhot, ukitoka kwenda Mongolia, baiskeli hupandishwa kwenye gari. Mpaka kuwa wazi ni jambo moja, kuwa wazi kwa mtu aliye juu ya baiskeli ni jambo jingine, na viza ya kielektroniki ya Urusi hutumika kwenye vituo vilivyotajwa tu.

Hapa narudia wimbo wangu wa zamani, na sitaacha kuuimba. Waendesha baiskeli wa masafa marefu, wakiwemo wetu wa hapa Afrika Mashariki, watabishana usiku kucha kuhusu upana wa tairi, idadi ya meno ya gia na uzito wa begi la kulalia, halafu suala la mpaka wanaliacha hadi siku ya kufika. Nenda Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, uone. Foleni ya malori imejipanga hadi huko nyuma, watembea kwa miguu wana mlango wao, magari yana wao, na mwenye baiskeli yenye karia iliyojaa anasimama katikati akiulizwa yeye ni nani katika hao wawili. Asiyejiandaa anapoteza nusu siku hapo, na hapo ni kwa majirani tunaoelewana lugha.

Kuhusu kuendesha kwenyewe, sina la kukosoa: siku 60 na zaidi kwa kasi ile, peke yake, bila gari la msaada, ni kazi ya bingwa wa mbio za Tour Divide wa 2022.

Lakini mabingwa wa zamani walijua jambo moja zaidi. Mark Beaumont alipotoka Cairo hadi Cape Town kwa baiskeli mwaka 2015 kwa siku 42 na saa 8, akipita Kenya na Tanzania, katikati palikuwa na mipaka saba, na safari ile iliheshimu kila mmoja kama sehemu ya mbio. Na Mike Hall! Mwaka 2012 aliizunguka dunia kwa siku 91 na saa 18, akijibebea kila kitu, kisha Guinness wakabadili kanuni ili muda wa ndege nao uhesabiwe, na jina lake halikuingia kwenye kitabu. Hadi leo naona alidhulumiwa. Hall alifanya nini? Alirudi barabarani. Mwaka uliofuata alianzisha Transcontinental, mbio zilizowalea nusu ya hawa tunaowashangilia sasa, na akashinda Tour Divide. Alifariki 2017 akiwa mashindanoni kwenye barabara kuu ya Monaro, Australia, na hakuna anayemkumbuka kwa kukosa cheti.

Sehili alikuwa na nafasi ya kufanya vivyo hivyo. Ilimpasa pale mpakani kuizima saa, kutangaza kwamba rekodi imekufa, na kutafuta njia yoyote halali ya kufika Vladivostok, hata kwa ndege. Angemaliza kama msafiri aliyevuka Ulaya na Asia kwa nguvu za miguu yake isipokuwa kipande kimoja alichofungiwa, na tungempokea kwa shangwe. Badala yake alikaa mahabusu takriban siku 50. Oktoba 23 mahakama ikamtia hatiani, ikampiga faini ya ruble 50,000 na kumsamehe kuilipa kwa kuwa alikuwa ameshakaa ndani.

Kwa hiyo ninyi mnaopanga safari ndefu za msimu ujao, iwe Mombasa hadi Kampala au Nairobi hadi Cape Town: kabla hamjanunua tairi, andikeni orodha ya vituo vyote vya mpaka, ulizeni kila kimoja kama kinapitisha baiskeli, na mpate jibu kwa maandishi.