Sili Mpya, Shafti Mbovu: Namna ya Kuipima Kazi ya Fundi wa Boti Kampala

Boti ikirudi kutoka kwa fundi, wenye boti wengi huangalia mambo mawili: mashine inawaka kwa mvuto wa kwanza, na rangi inang'aa. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloeleza hali ya sili. Sili imejificha nyuma ya propela, ndani ya mguu wa mashine, na kazi mbovu hujitokeza wiki kadhaa baadaye, gia zikiwa zimeshaliwa na boti ikiwa katikati ya Ggaba na visiwa vya Koome. Anayetaka kuipima kazi hii anapaswa kufika gereji kabla mguu haujafungwa, na akifika aanze na shafti. Mpira mpya mtu yeyote mwenye pesa atanunua. Ufundi unaonekana kwenye chuma ambacho mpira huo utakikalia.

Maji yanaingiaje

Ndani ya mguu kuna gia zinazozunguka kwenye oili nzito. Shafti ya propela hutoka nje kupitia sili zinazopangwa mbili mbili. Shafti ndefu inayoshuka kutoka kwenye injini ina sili zake chini ya pampu ya maji, na fimbo ya kubadilishia gia ina yake ndogo. Kila sili ni pete iliyovikwa mpira, yenye mdomo mwembamba unaoibana shafti pande zote, na springi ndogo nyuma ya mdomo ili usilegee.

Boti ikikimbia, oili hupata joto na kutanuka. Mashine ikizimwa mwaloni, maji ya ziwa huupoza mguu, oili hunywea, na palipo na mwanya maji hunyonywa ndani. Kwa hiyo mashine inaweza kuingiza maji usiku, imeegeshwa, hakuna aliyeigusa.

Ziwa Victoria halina chumvi, na hilo ni nafuu kubwa kwa mwenye mashine. Tatizo lake ni nyuzi. Vipande vya nyavu za nailoni na kamba za ndoano za sangara hujisokota kwenye shafti nyuma ya propela, vikasagika, vikayeyuka kwa joto la msuguano na kuukata mdomo wa sili. Juu ya hilo kuna gugu maji, lililoenea katika maziwa ya Uganda tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Likiziba matundu ya maji ya kupozea, impela ya pampu huzunguka pakavu na kuungua, na sili zilizo chini yake hupata joto hilo hilo.

Oili kabla ya spana

Fundi anayejua kazi hafungui kitu kabla ya kuiona oili. Mashine ikiwa imelala usiku mzima, hulegeza skrubu ya chini taratibu na kukinga kwa chombo cheupe. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiwepo yatatangulia kutoka. Mashine ikiwa imetoka kazini, vyote viwili vimeshavurugika pamoja na hutoka na rangi ya chai ya maziwa. Halafu huisugua oili kati ya vidole. Ute wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyoshikika ni vya gia au beringi, na hapo kubadilisha sili peke yake ni kutupa pesa.

Kisha huujaza mguu upepo na kutafuta unapovujia, kabla ya kung'oa chochote. Anayesema "tubadilishe za propela" bila kupima anabahatisha. Huenda maji yanaingilia juu, kwenye pampu, au kwenye fimbo ya gia. Mara nyingine yanapita kwenye washa ya skrubu ya oili, kitu kidogo na rahisi kuliko vyote, ambacho mafundi wengi hukirudisha kikiwa kimebanwa mara kumi.

Soma sili ya zamani

Uliza bila haya: "Ssebo, zile sili za zamani ziko wapi?" Fundi mzuri amekuwekea pembeni, hajazifuta. Chukua moja uigeuze juani. Mdomo uliochanika sehemu moja umekatwa na uzi, au na meno ya shafti siku ulipoingizwa. Mdomo uliokakamaa na wenye nyufa ndogo umeungua. Angalia pia mstari unaong'aa pale mpira ulipogusana na chuma. Ukiwa na upana sawa kuzunguka pete yote, sili imezeeka tu kwa kazi yake. Ukiwa mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, shafti imepinda au beringi imechoka, na sili mpya itakwenda njia ile ile. Katika ziwa lenye miamba mingi karibu na visiwa, shafti iliyopinda si jambo la ajabu.

Kucha juu ya shafti

Hiki ndicho kipimo kikubwa. Shafti ikiwa nje, imefutwa, pitisha kucha taratibu mahali sili ilipokaa. Mpira laini, ukishirikiana na mchanga uliojificha chini ya mdomo wake, huchimba mfereji kwenye chuma. Kucha ikikwama, sili mpya haitashika hata iwe ya kampuni gani. Fundi ana njia tatu za haki: kuibadilisha shafti, kuivika bushi nyembamba ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, au, tundu likiruhusu, kuikalisha sili kwa kina tofauti kidogo ili mdomo uguse chuma kizima.

Msasa nao una adabu yake. Mikwaruzo inayofuata urefu wa shafti ni mifereji ya kupitishia maji. Inayotakiwa ni miguso laini inayoizunguka shafti. Chungulia pia ndani ya tundu la sili. Ukikuta alama za bisibisi, aliyeing'oa sili ya zamani aliitindua kwa nguvu badala ya kuivuta kwa kifaa chake, na maji yatapita nje ya pete, mdomo ukiwa mzima kabisa.

Namba zinafanana, chuma hakifanani

Sili hujulikana kwa vipimo. Maandishi kama 30×45×8 yana maana ya kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene, kwa milimita. Kwa vipimo hivyo mtu atapata pete inayoingia sawasawa katika maduka ya vipuri vya magari ya Kisekka, na hapo ndipo wengi huteleza. Sili nyingi za gari zimetengenezwa kuishi ndani ya oili, na springi yake ni ya chuma cha kawaida. Majini hushika kutu, hukatika, na mdomo hulegea. Sili ya mashine ya boti huwa na springi isiyoshika kutu. Muulize fundi ametoa wapi sili, na akuonyeshe pakiti yake.

Wakati wa kuingiza, tazama mikono. Mdomo hupakwa grisi kwanza, kwa sababu sili iliyoingia kavu huungua katika dakika za mwanzo. Meno ya shafti hufunikwa kwa tepu nyembamba yasiukate mpira. Pete husukumwa kwa kipande cha bomba chenye upana wake, ishuke sawa pande zote. Nyundo inayogonga huku na huku huipinda. Mwelekeo nao una maana: kampuni nyingine huzigeuza sili zote mbili zitazame maji, nyingine huipa moja kazi ya kuzuia oili na ya pili kazi ya kuzuia maji. Fundi makini hupiga picha kabla ya kung'oa au hufungua kitabu cha mashine.

Boti zenye injini ndani

Boti chache za matembezi zinazolala Munyonyo na Entebbe hazina mashine ya kuning'iniza. Injini imo ndani na mguu uko nje, nyuma ya tezi. Mfumo huo uliingizwa sokoni na Volvo Penta ya Sweden mwaka 1959 kwa jina la Aquamatic, na MerCruiser ya Marekani ikafuata mwaka 1961. Kati ya injini na mguu kuna mipira yenye mikunjo inayouruhusu mguu kupinda na kunyanyuka. Mmoja hufunika jointi ya shafti, mmoja hupitisha moshi, mmoja hulinda kebo ya gia. Inakaa chini ya usawa wa maji. Ule wa jointi ukipasuka, beringi na jointi huliwa na kutu; ule wa kebo ukipasuka, boti inaweza kuzama ikiwa imefungwa gatini.

Ukaguzi wake ni wa tochi na kidole: inua mguu, tanua kila mkunjo, tafuta nyufa chini kabisa ya bonde lake. Kazi nzuri ya kuibadilisha hujulikana kwa nyuso za chuma zilizosafishwa hadi kung'aa, klampu mpya zisizoshika kutu, na skrubu za klampu zilizoelekezwa mahali zisipogusana na kitu mguu ukizunguka. Mguu ukiwa umetoka, fundi huzungusha beringi ya nyuma kwa kidole akisikiliza mkwaruzo, kisha huingiza fimbo ya kupimia kama injini na mguu viko kwenye mstari mmoja. Anayeruka kipimo hicho amefanya nusu ya kazi. Wewe nawe usiache mguu ukiwa umeinuliwa wiki nzima, kwani mikunjo huzeeka upande unaovutwa.

Upepo, pipa na saa

Kabla oili haijawekwa, pampu ndogo yenye geji hufungwa kwenye tundu la skrubu. Fundi huanza na upepo kidogo, kwa sababu mivujo mingine hujificha upepo ukizidi, kisha hupandisha hadi kiwango cha kitabu, mara nyingi kati ya pauni 10 na 15 kwa inchi ya mraba. Huzungusha shafti, husogeza fimbo ya gia, huutumbukiza mguu ndani ya pipa la maji na kutafuta mapovu. Sindano ikitulia, ndipo oili huingizwa kutoka tundu la chini mpaka itokee la juu bila hewa. Anayemimina kutoka juu anafungia hewa ndani.

Hata hivyo hukumu ya mwisho haitolewi gereji. Kubalianeni mapema kwamba sehemu ya malipo itabaki. Endesha boti kama saa kumi za kazi, iache ilale usiku mmoja, kisha rudini pamoja kwenye skrubu ya chini na chombo cheupe. Oili ikitoka safi tangu tone la kwanza, mlipe fedha yake yote. Na fundi aliyekwambia tangu mwanzo kwamba shafti yako haifai, akakataa kuitia sili mpya ingawa ulikuwa na haraka ya safari ya Jumamosi, huyo ndiye wa kumpelekea boti mwaka ujao.